Nyasi, maua ya mwishomwisho na fyekeo: shajara ya bustani yangu Luchelele

16 Februari, Jumapili

Naanza kuandika maana nimechoka kujiuliza hiki nilipanda lini. Kiwanja chetu kiko Luchelele, kinatelemka kuelekea ziwani, na kwa anayeijua Mwanza sina haja ya kusema kimejaa nini. Mawe. Kuna jiwe moja nyuma ya nyumba ni kubwa kuliko nyumba yenyewe, fundi wakati anajenga aliligongagonga na nyundo akasema hili tuliache tu, lilitutangulia. Katikati ya mawe ni mchanga wa chengachenga, mama anauita luseni, ukimwaga ndoo ya maji yanapita kama umemwaga kwenye chujio la chai.

Shida yangu ni ileile miaka yote. Masika bustani inanawiri mpaka wapita njia wanaomba miche, ikifika katikati ya Juni kila kitu kinasinyaa na mpaka vuli ianze huko Oktoba mi nakuwa nafagia vumbi tu. Miezi minne! Nishajaribu ukoka, unakunywa madumu kumi kila jioni na bado unapauka, na maji mtaani kwetu ni ya mgao, wiki nyingine yanatoka usiku wa manane masaa mawili basi. Nishajaribu waridi, hayo hata tusiyaongelee.

Sasa mwaka huu nageuza hesabu, badala ya kugombana na kiangazi nataka bustani ambayo kiangazi ndo msimu wake. Nyasi ndefu za kuachwa zikauke zikiwa zimesimama, na maua yanayochanua wenzake wakishaaga. Wazo si langu, kuna mzee mmoja Mholanzi anaitwa Piet Oudolf, ndo aliyepanga mimea ya ile bustani iliyo juu ya reli ya zamani kule New York, High Line, sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa 2009. Huyu mzee anachagua mmea kwa kuangalia pia utakavyokuwa ukishakauka, mabua na vichwa vya mbegu vinaachwa vimesimama majira yote ya baridi, kufyeka ni mpaka baridi iishe. Nikamwonyesha mama video kwenye simu, akaangalia kimya mpaka mwisho alafu akauliza, "Huyo hana mtu wa kumsaidia kufyeka?"

2 Machi

Nimepoteza wiki mbili kutafuta nyasi ambazo hazipo. Kwenye kila picha wanazosifia ni miskanthusi, asili yake Asia, na ile nyingine inaitwa Karl Foerster kwa jina la Mjerumani mmoja mkulima wa maua, imesimama wima kama askari. Hizo hapa huzipati na hata ukipata zimezoea kulala kwenye baridi, sisi baridi yetu iko kwenye friji.

Alafu nikaona kitu kikanichekesha. Ile nyasi wanayoiita ya chemchemi, Pennisetum setaceum, yenye mikia laini inayoinama, kwao ni huku, Afrika Mashariki na kaskazini mpaka Uarabuni. Watu wanainunua kwenye chungu. Na kuna sehemu imewashinda kabisa, Hawaii na Arizona imekimbia kutoka bustanini ikaenda porini, inakauka, inawaka moto, alafu yenyewe inachipua tena kabla ya mimea ya pale. Kwa hiyo mi nimejiwekea sheria: nyasi ikiwa ya kwetu karibu sawa, ikiwa ya mgeni lazima iwe ile isiyotoa mbegu.

Nilizopata mpaka sasa: vichungu vinne vya ile ya chemchemi ya zambarau kutoka kwa muuza miche wa barabarani, elfu tano kila kimoja, yeye anaziita nyasi za hoteli na hajui jina lingine. Hii ya zambarau haizai mbegu za maana, unaigawa tu shina. Vipande arobaini vya vetiva kwa ajili ya kona inayomomonyoka. Mchaichai ninao wa siku zote jikoni, ulikuwa unaonekana ni wa chai tu, kumbe ukiuacha ukawa kichaka mkubwa una umbo zuri kuliko vitu nilivyolipia hela.

8 Machi

Safari ya Magu kwa mjomba. Nilienda kuomba nyasi, ndugu zangu hebu fikirieni mtu anatoka mjini kwenda kwa mjomba wake mfugaji kuomba nyasi. Alicheka mpaka akakaa chini. Ila alinipeleka mwenyewe mpaka kwenye mpaka wa shamba, kuna ile nyasi ya majani yanayogeuka rangi ya kutu ikikomaa, vichwa vyake vimening'inia kama vidole vya popo, ndo hiyohiyo iliyojaa Serengeti, kitaalamu Themeda triandra. Mjomba anasema zamani ilikuwa kila mahali, ng'ombe wanaipenda, sasa imebaki pembezoni tu ambako jembe halijafika. Nikachimba mashina tisa na udongo wake, nikayafunga kwenye kiroba kilicholoweshwa, konda wa hiace akanitoza kama abiria.

Leo hiihii jioni nikagawa kila shina mara mbili kwa panga na kupanda, kumi na nane jumla. Sikuweka samadi kabisa. Nyasi za aina hii ukizinenepesha zinalala chini kama mlevi.

Maua ya kosmosi na zinia pia nimesia leo kwenye upande wa mbele. Tutaona.

23 Machi

Mvua. Mvua ya maana, ya usiku mzima. Maji yametelemka kutoka juu kwa jirani na kupita kwenye mstari wa vetiva, vipande sita vimeng'oka. Nimevirudisha nikavikanyaga vizuri, safari hii nafasi ya shibiri moja kati ya kipande na kipande, mwanzoni nilikuwa nimeachia sana. Vetiva mizizi yake inaenda chini wima, ikishakomaa inafika hata mita tatu, lakini hiyo ni ikishakomaa, saivi ni kama meno ya mtoto.

Mama amekuja kuangalia nilivyopanda. Mi nimechanganya, nyasi zimetawanyika maua yanajitokeza katikati, hamna mistari. Akasimama mikono kiunoni: "Ng'wanone, hapa umepanda au umemwaga?"

27 Aprili

Kuna kosa nimeligundua leo na ni kosa kubwa. Kosmosi zimeshaweka vitumba. Wiki saba tu! Ziko chini ya goti, nyembamba, na zinataka kuchanua katikati ya masika wakati mi nazitaka Julai. Kwenye pakiti ya mbegu imeandikwa zinachanua mwishoni mwa kiangazi chao, Agosti na Septemba, mi nikaamini ni tabia ya mmea, kumbe ni tabia ya jua la kwao. Kosmosi inasubiri siku zianze kufupika ndo ichanue vizuri, Ulaya mchana wa Juni ni mrefu kupita kiasi kwa hiyo inakua tu inasubiri. Mwanza tuko kama nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote tofauti yake haifiki hata nusu saa. Hamna cha kusubiri. Mmea ukitoka ardhini unaona mchana ni wa masaa kumi na mbili unasema basi muda umefika, unachanua.

Maana yake kwa huku kwetu ua la mwisho wa msimu halitokani na aina, linatokana na tarehe uliyosia. Nimechukua mbegu zote zilizobaki nikasia leo, kosmosi, zinia, selosia na gomfrena, zipate hii mvua ya mwishomwisho ziote na kushika mizizi, alafu zichanue mvua ikishakata. Nikichelewa zaidi ya hapa mchanga utakauka kabla hazijashika. Kama kuna kitu kimoja cha kukumbuka kwenye daftari hili ni hii tarehe, kwa hiyo naiandika tena, 27 Aprili.

18 Mei

Kishona nguo. Sina la kuongeza, nimeng'oa ndoo tatu na suruali bado inachoma.

Alizeti pori kwenye fensi zimefika mita mbili, najua zitachanua zote kwa pamoja mvua ikikata, zinakuwa njano tupu. Kwao ni Meksiko na zinasambaa vibaya kwa hiyo nazibana palepale kwenye fensi, matawi ya ziada nakata nalaza chini ya migomba, majani yake ni mbolea nzuri sana, kwenye luseni yangu naona tofauti ndani ya mwezi. Mwakani nikipata kitu kingine cha njano nitazitoa.

Kando ya barabara ya kwenda Usagara nimekusanya mbegu za ile nyasi ya waridi, kila mtu ameiona ila hakuna anayeiangalia, inaota kwenye changarawe pembeni ya lami na kichwa chake ni kama moshi wa rangi ya waridi. Melinis repens. Ni ya kwetu. Mbegu zake nyepesi, nilizibeba kwenye mfuko wa karatasi na nusu zimebaki kwenye nywele zangu. Nimezikwangulia kwenye mchanga kati ya mawe, nikamwagilia mara moja. Nyingine nimeweka kwenye makopo.

15 Juni

Mvua imekata, ina kama siku kumi na tano. Upepo wa kusi umeanza, unapiga asubuhi mpaka mchana. Pumba za mpunga nilizotandaza kama matandazo zimeondoka zote, nimezikuta zimejazana kwenye kibaraza cha jirani, nimeenda kufagia mwenyewe na kuomba radhi. Jirani yangu ni mzee, mwalimu mstaafu, mtu wa taratibu, uwanja wake unafagiwa asubuhi na jioni mpaka unaona mistari ya fagio. Aliniitikia marahaba alafu akaniuliza kwa upole kabisa kama sina wasiwasi na nyoka.

Swali lake ni la haki, nimelifikiria jana nzima. Kwetu uwanja mtupu si uvivu wa kupanda, ni usalama, ukitoka usiku unaona kilichopo mbele ya mguu wako. Kwa hiyo nimerudi nyuma kidogo na mpango. Kuzunguka nyumba yote mita mbili hakuna nyasi, ni changarawe tupu, na njia ya kwenda chooni na bombani iko wazi upana wa toroli. Nyasi zinaanzia baada ya hapo. Kusema ukweli hata kwa macho imekuwa bora, ule upande uliofagiwa unafanya upande wa nyasi uonekane ni wa makusudi.

22 Juni

Themeda imekomaza mbegu. Hizi mbegu ni maajabu, kila moja ina unywele mrefu mweusi uliopinda kama goti. Niliweka moja kwenye kitambaa kibichi, nikakaa naangalia, ule unywele ukaanza kujizungusha wenyewe polepole! Ukiupeleka juani unakauka unajizungusha kurudi. Yaani mbegu ikianguka chini, umande wa usiku na jua la mchana vinaizungusha mpaka inajichimbia yenyewe. Nilimwita mama aje aone, tukazicheza kama saa nzima, ugali ukaungua.

Nimesia hamsini kwenye kopo ingawa najua hazitaota sasa, mbegu mpya za hii nyasi zinalala miezi mingi kwanza, wengine wanazifukiza moshi ndo ziamke, ni nyasi iliyozoea kuchomwa moto. Nyingine nimefunga kwenye bahasha nimeandika tarehe.

6 Julai

Sasa ndo inaanza. Kosmosi za Aprili zimechanua jana, selosia nazo, zinia zilitangulia wiki moja. Gomfrena bado vitumba lakini ndo nazitegemea kuliko zote, ua lake ni kama karatasi, likikauka rangi haliachii, linabaki zambarau miezi. Shubiri kwenye jiwe kubwa zimetoa mishumaa yake ya machungwa, hizo sikuzipanda mimi, zilikuwepo, na kila asubuhi kuna ndege wawili aina ya chozi wanakuja, yule dume anang'aa kama amepakwa mafuta. Kuna na lile pori la bua refu lenye mafungu ya duara ya miba na maua ya machungwa yanayotokeza kama masikio, leonotisi, niliambiwa ni gugu nikaliacha mawili. Chozi wanalipenda hilohilo gugu.

Zinia zina ukungu mweupe kwenye majani ya chini. Nilikuwa namwagilia jioni na kulowesha majani, nimeacha, namwagilia asubuhi kwenye shina tu.

Maji: madumu manne kila siku ya nne. Kwa eneo lote. Kumbuka ukoka, madumu kumi kila siku.

27 Julai

Sijui nianzie wapi.

Tulipata msiba Magu, nikaondoka tarehe 19, kwa haraka, nikamwachia kijana mmoja wa mtaani funguo za geti na hela ya maji, nikamwambia amwagilie na kupaangalia angalia. Nimerudi jana saa kumi jioni. Nilipofungua geti kitu cha kwanza nilichoona ni ziwa. Kutoka getini! Hujawahi kuona ziwa kutoka getini kwetu mwezi wa saba mwaka huu maana nyasi zilikuwa zimesimama katikati. Zimefyekwa. Themeda zote za mbele, nyasi za hoteli zote nne, nyasi za waridi ndo usiseme. Pamefagiwa na mistari ya fagio inaonekana. Kwenye kona kuna duara jeusi la majivu.

Na yeye akatokea anatabasamu, fyekeo kwapani, "Dada pole na msiba. Nimekusaidia, maana palikuwa pameshakuwa pori." Hakudai hata hela ya ziada. Nilimwambia asante, nikamlipa, nikaingia ndani nikakaa kwenye ndoo.

Kosa ni la nani? La kwangu. Nilimwambia apaangalie, na kwa mtu yeyote aliyelelewa vizuri kupaangalia nyumbani kwa mtu ni kufyeka na kufagia. Kijana alifanya kazi ya watu wawili kwa jua lile. Mi ndo sikumwambia kwamba vitu vilivyokauka ndo vyenyewe.

Kimebaki: kila kilicho nyuma ya jiwe kubwa, kwa sababu hapo aliona gamba la nyoka (ni la mjusi, wale wa kichwa chekundu na mwili wa bluu wanaota jua pale juu ya jiwe, jina lao la kitaalamu lina Mwanza ndani yake, Agama mwanzae). Kwa hiyo nina Themeda sita kati ya zile kumi na nane, gomfrena zote, kosmosi na zinia za huko nyuma, na leonotisi moja. Woga umeokoa bustani.

3 Agosti

Wiki nzima sikuandika. Mama aliniacha ninune siku tatu, ya nne akaja na kiti akakaa pale nyuma ya jiwe akaziangalia zile Themeda sita, zimeshakuwa rangi ya kutu sasa na upepo unazipitisha mkono. Akasema, kama mtu anayeongea mwenyewe, "Sasa si ungesema ni ngitili."

Nilibaki mdomo wazi. Kwa wasio Wasukuma: ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa mvua zikianza, hakiguswi, nyasi zinaachwa zikue zikauke zikisimama, na kiangazi kikikaza ndo kinafunguliwa kwa ndama na ng'ombe wa kulimia na wale waliodhoofika. Mama amekulia kwenye boma lenye ngitili ya babu yake. Anasema mtoto akipeleka mbuzi kwenye ngitili ya mtu palikuwa hapatoshi. Nyingi zilipotea wakati wa vijiji vya ujamaa watu walipohamishwa, alafu kuanzia 1986 ule mradi wa serikali wa hifadhi ardhi Shinyanga, HASHI, ukazirudisha kwa kutumia desturi hiyohiyo ya wazee. Nilisoma haya shuleni! Nikajibu na mtihani. Na bado nilienda kuazima maneno kwa Mholanzi, namwonyesha mama video za theluji, wakati neno lilikuwa limekaa jikoni linachambua mchele.

Ni tofauti kidogo, najua, ngitili ni ya kuliwa na ya kwangu ni ya macho. Nilimwambia hivo. Akasema hata macho yana njaa ya kiangazi, alafu akaniomba nimletee chai.

9 Agosti

Jana nilikuwa viwanja vya Nane Nane Nyamhongolo, nimerudi na vetiva kumi na mbegu za selosia nyekundu ile ya kilele. Leo nimechukua kipande cha ubao nimeandika kwa rangi nyeupe NGITILI, nimekisimamisha mbele. Yule kijana alipita, akasoma, akacheka sana, akasema "ah dada, sasa mbona hukusema." Mzee jirani naye alisimama kwenye fensi akaanza kunisimulia ya kwao Kwimba, dakika arobaini, na nyoka hakuwataja.

Zilizofyekwa zinachipua. Nazimwagilia dumu moja moja zaidi kuliko ratiba, nyasi za hoteli zimetoa majani mapya ya zambarau kama vidole, Themeda zinasita. Mikia haitakuwepo mwaka huu, basi.

7 Septemba

Saa kumi na mbili kasoro jioni. Naandikia nje. Nikipanga upya nitaanza na hili: jua letu linazama upande wa ziwa, ng'ambo ya ghuba, kwa hiyo nyasi zikiwa kati yako na ziwa mwanga unapita ndani yake kutoka nyuma, na kichwa ambacho mchana kilikuwa kahawia tu kinawaka. Zile sita za nyuma ya jiwe ziko hivyo kwa bahati. Za mbele nilizipanda upande wa mashariki wa njia, hata zingepona zisingewaka, jua lingekuwa mgongoni kwangu. Mwakani nahamisha kiti au nahamisha nyasi, na nadhani kuhamisha kiti ni rahisi.

Kuna kundi la videge vya kahawia vidogo kuliko kidole gumba vinaning'inia kwenye bua vinakula mbegu, bua linainama mpaka chini haviachii. Mnana nao wamegundua nyasi za tembo za jirani wa chini, wanachana majani marefu kama utepe wanaruka nayo kwenda kujengea. Pimbi wamekula gomfrena mbili. Wamekaa juu ya jiwe wananiangalia, hawana hata aibu.

Zinia zimekwisha, kosmosi zimebaki mabua na mbegu, nimeziacha. Gomfrena rangi ileile ya Julai. Leonotisi imekauka imebaki nguzo yenye mipira ya miba, na ni kitu kizuri kuliko vyote humu, na nilikiokota.

21 Septemba

Mtu alichoma takataka huko juu, cheche zikaja mpaka kwetu. Hakuna kilichoungua ila moyo ulisimama, nyasi kavu ni petroli iliyosimama. Ile mita mbili nimeifanya tatu upande wa juu, nimepakwangua mpaka mchanga. Ndoo mbili za maji zinakaa pale muda wote, hata kama ni wiki ya mgao.

12 Oktoba

Mawingu yamekuwa yakijikusanya jioni siku ya tatu sasa, joto la kunata, usiku taa za wavuvi wa dagaa zinaonekana alafu ghafla zinafutika upande mmoja, mvua ipo huko kisiwani. Kwa hiyo leo ndo siku ya kukata. Ukiiacha Themeda mwaka baada ya mwaka bila kukatwa wala kuliwa wala kuchomwa inajisonga na kufa katikati, na ukikata mapema inabaki kisiki kitupu kiangazi kizima, muda wake ni huu, siku chache kabla ya mvua.

Nimempigia yule kijana. Amekuja na fyekeo nikamwambia leo ni mundu, nikamwonyesha: funga shina zima na kamba kiunoni kama mganda, alafu kata chini ya kamba, kiasi cha kiganja juu ya ardhi, mganda unatoka mzima na hakuna cha kufagia. Alifanya wa kwanza akaangalia akasema hii mbona ni kama kuvuna. Tumetoa miganda ishirini na mmoja pamoja na mchaichai na nyasi za waridi zilizochipua nyuma ya jiwe. Mama amechukua mitano ya Themeda kabla haijafika chini, minne kwa ajili ya viota vya kuku, mmoja sijui, ameuweka sebuleni kwenye kopo la maziwa na hataki kuulizwa. Iliyobaki tumelaza chini ya migomba.

Bahasha ya mbegu za Juni nimeifungua. Zimekuwa nyeusi zaidi, unywele bado unacheza kwenye kitambaa kibichi. Nimesia ishirini, nyingine ishirini nimezifukiza kwanza juu ya jiko la mkaa nililotupia nyasi kavu, makopo mawili, nimeandika M kwa moshi na H kwa hamna.

Tone la kwanza limepiga bati. La pili. Makopo yako nje na ndoo zote ziko ndani, naenda kuzibadilisha.